Redio Iliponyamaza: Mikono Inayoshika Habari za Bulgaria

Ijumaa ya tarehe 13 Septemba 2019, saa 12 asubuhi, Wabulgaria waliofungua redio kusikiliza Horizont, idhaa kuu ya Redio ya Taifa, hawakusikia kitu. Hapakuwa na salamu za asubuhi, hapakuwa na taarifa ya habari, hapakuwa hata na muziki. Dereva aliyekuwa barabarani, mama aliyekuwa akiandaa watoto kwenda shule, mzee ambaye redio ndiyo saa yake ya ukutani, wote walikuta kimya. Kimya hicho kilidumu hadi saa 5. Uongozi ulisema mitambo ilikuwa ikifanyiwa matengenezo.

Maelezo hayo hayakuwaingia watu akilini. Siku moja tu kabla yake, Silvia Velikova, mwandishi mkongwe wa redio hiyo aliyekuwa akifuatilia habari za mahakama, alikuwa ameambiwa kwamba hataingia tena hewani. Wakati wenyewe ulikuwa nyeti. Nchi ilikuwa mbioni kupata mwendesha mashtaka mkuu mpya, mgombea alikuwa mmoja tu, Ivan Geshev, na Velikova alikuwa miongoni mwa waandishi waliouchambua uteuzi huo bila kupepesa macho. Wenzake walipotakiwa kushika zamu yake, walikataa. Kulipokucha, redio ikawa bubu. Mwezi uliofuata, baraza linalosimamia utangazaji lilimwondoa mkurugenzi mkuu wa redio hiyo madarakani.

Ninaanza na asubuhi hiyo kwa sababu inabeba swali lote la vyombo vya habari vya Bulgaria. Katiba ya nchi hiyo ya mwaka 1991 inatamka wazi kwamba vyombo vya habari ni huru na havidhibitiwi. Bulgaria ni mwanachama wa Umoja wa Ulaya tangu tarehe 1 Januari 2007. Haina ofisi ya serikali inayopitia kurasa kabla hazijachapishwa. Hata hivyo, mwaka 2021 shirika la Waandishi wa Habari Wasio na Mipaka, RSF, liliiweka katika nafasi ya 112 kati ya nchi 180 kwa uhuru wa habari, mkiani kabisa mwa Umoja wa Ulaya. Nchi isiyo na udhibiti wa kisheria inafikaje huko?

Jibu ni kwamba sheria peke yake haitoshi kulilinda gazeti. Gazeti hupita katika mikono mingi kabla halijafika kwa msomaji: mkono unaotoa mtaji, mkono unaolipia matangazo, mkono unaolibeba hadi kibandani, mkono unaosaini hukumu mahakamani, na mwisho mkono wa mwandishi mwenyewe aliyeshika kalamu. Mmoja wowote kati ya hiyo ukikaza, habari hukosa pumzi, na hakuna kifungu cha katiba kitakachoonekana kuvunjwa. Historia ya Bulgaria ni somo refu kuhusu mikono hiyo.

Gazeti lililozaliwa ugenini

Kwa karibu karne tano Bulgaria ilikuwa chini ya Dola ya Othmania. Jarida la kwanza la Kibulgaria, Lyuboslovie, lilitolewa na mwalimu Konstantin Fotinov mwaka 1844 katika mji wa Smyrna, ambao leo ni Izmir nchini Uturuki. Gazeti la kwanza, Bulgarski Orel, yaani Tai wa Bulgaria, lilichapishwa na Ivan Bogorov mwaka 1846 mjini Leipzig, Ujerumani. Yalitoka matoleo matatu tu, likafa. Bogorov hakukata tamaa. Mwaka 1848 alianzisha Tsarigradski Vestnik mjini Istanbul, na hilo liliishi zaidi ya miaka kumi.

Itazame ramani hiyo: Smyrna, Leipzig, Istanbul. Hakuna hata mji mmoja wa Bulgaria. Baadaye Lyuben Karavelov alichapisha gazeti la Svoboda, yaani Uhuru, mjini Bucharest, na mshairi Hristo Botev akaanza uhariri mwaka 1871 huko Romania kwa gazeti lililobeba jina la Duma na Bulgarskite Emigranti. Kwetu duma ni mnyama wa mbio. Kwa Kibulgaria duma ni neno, na jina zima maana yake ni Neno la Wahamiaji wa Kibulgaria. Watu hawa walikuwa na lugha, walikuwa na wino, lakini hawakuwa na nchi ya kuchapishia. Gazeti lilitangulia, dola ikafuata.

Kuanzia mwaka 1856 zilianza kufunguliwa nyumba za kusomea ziitwazo chitalishte, ambako magazeti na vitabu vilikusanywa na watu wakakutana kuvisoma na kuvijadili. Aliyejua kusoma aliwasomea wasiojua, kama ambavyo kwetu toleo moja la gazeti huzunguka baraza zima kabla halijaishia kufungia sukari. Nyumba hizo zipo hadi leo, mijini na vijijini.

Kisha ukaja mwaka 1876. Wabulgaria waliinuka dhidi ya utawala wa Othmania mwezi Aprili, na uasi wao ukazimwa kwa umwagaji damu mkubwa. Serikali za Ulaya zilipokea taarifa za kukinzana, na wengine walizipuuza wakiziita uvumi. Mwandishi Mmarekani Januarius MacGahan, aliyetumwa na gazeti la Daily News la London, alifanya jambo ambalo ndilo kiini cha kazi hii: alikwenda kuona. Alifika kijiji cha Batak, akaingia kanisani na uani mwake, akaandika alichokuta, maiti juu ya maiti, nyingi zikiwa za wanawake na watoto. Ripoti zake ziliitikisa Uingereza na kuifanya serikali yake ione haya kuendelea kumkingia kifua Sultani. Mwaka uliofuata Urusi iliingia vitani na Waothmania, na mwaka 1878 Bulgaria ikarudi kwenye ramani. Katiba yake ya kwanza, ya mwaka 1879, iliandika uhuru wa uchapishaji ndani yake.

Taifa lenye kumbukumbu kama hiyo halihitaji kufundishwa thamani ya gazeti. Ndiyo maana yaliyofuata yanauma.

Mvua ya Mei Mosi

Septemba 1944 wakomunisti waliingia madarakani, na taratibu vyombo vyote vikakusanywa chini ya kivuli kimoja: shirika la habari la BTA lililoanzishwa mwaka 1898, redio ya taifa iliyoanza mwaka 1935, na televisheni ilipozinduliwa mwaka 1959. Gazeti kubwa likawa Rabotnichesko Delo, sauti ya chama. Kwa muda mrefu hapakuwa hata na haja ya afisa wa udhibiti kukaa mezani na kalamu nyekundu. Mhariri aliyepewa kiti na chama alijua mwenyewe kinachopita na kisichopita, na mwandishi aliyemtegemea mhariri huyo alijua kabla yake.

Gharama ya mfumo huo inaonekana vizuri zaidi katika siku tisa za mwaka 1986. Tarehe 26 Aprili kinu cha nyuklia kililipuka Chernobyl, katika Muungano wa Kisovieti. Upepo ulileta mawingu yenye mionzi hadi juu ya Bulgaria, na mwanzoni mwa Mei mvua ikanyesha. Tarehe 1 Mei watu waliandamana mitaani kama kila mwaka, watoto wakiwemo, wakipunga bendera. Tarehe 4 Mei ilikuwa Pasaka ya Kiorthodoksi, sikukuu ambayo meza ya Mbulgaria haikosi mwanakondoo na saladi ya majani mabichi ya majira ya kuchipua. Majani hayo yalikuwa yamenyeshewa. Ng'ombe na kondoo walikuwa wamekula nyasi zilizonyeshewa. Magazeti na redio hayakuwaambia watu waoshe nini, waache nini, wala wamnyime mtoto maziwa gani. Kilichosemwa kilikuwa kidogo, na kilikuwa cha kutuliza. Upande wa pili, viongozi wa juu waliandaliwa chakula salama.

Mwaka 1991, utawala ulipokuwa umebadilika, mahakama iliwatia hatiani waliokuwa naibu waziri mkuu na naibu waziri wa afya kwa sababu ya ukimya ule. Lakini hukumu haiwezi kulitapisha tumbo la mtoto lililokwishakula. Tunapojadili uhuru wa habari kwa maneno makubwa ya demokrasia na haki, tuikumbuke saladi hiyo. Habari ni kitu cha jikoni. Mama mmoja akijua kwa wakati, mboga zile hazifiki mezani.

Daraja la Waterloo

Wabulgaria waliotaka kujua walitega sikio usiku kwa redio za nje, huku mawimbi yakivurugwa makusudi ili sauti isisikike. Mmoja wa waliosikika alikuwa Georgi Markov, mwandishi wa riwaya na tamthilia aliyeondoka nchini mwaka 1969. Akiwa London alifanya kazi katika Idhaa ya Kibulgaria ya BBC, na kupitia Radio Free Europe alisoma makala za kila wiki kuhusu maisha ya ndani ya Bulgaria na watawala wake. Alikuwa amewahi kukaa karibu na wakubwa, kwa hiyo aliyaeleza mambo kama mtu aliyekula nao meza moja. Jambo hilo liliwachoma kuliko tusi lolote.

Tarehe 7 Septemba 1978, siku ya kuzaliwa ya kiongozi wa nchi Todor Zhivkov, Markov alikuwa karibu na kituo cha basi kwenye Daraja la Waterloo akielekea kazini. Alihisi kitu kimemchoma nyuma ya paja. Alipogeuka alimwona mtu akiokota mwavuli. Usiku ule homa ilipanda. Tarehe 11 alifariki, akiwa na miaka 49. Madaktari walitoa mguuni mwake kidonge cha chuma chenye ukubwa wa kichwa cha pini, kinachoaminika kuwa kilibeba sumu ya ricin, ambayo hutokana na mbegu za mbarika. Hadi leo hakuna aliyehukumiwa kwa mauaji hayo.

Kazini kwake Markov kulikuwa Bush House, jengo ambalo kwa miongo mingi lilikuwa pia makao ya Idhaa ya Kiswahili ya BBC. Sisi tuliokua na redio ya betri juu ya kabati, tukinyamazishwa jioni ili wazee wasikilize Dira ya Dunia, tulikuwa tunapokea sauti kutoka katika kuta zilezile. Watangazaji wa Kiswahili na wa Kibulgaria walipita mlango mmoja. Kwa hiyo kifo cha Markov si habari ya mbali kwetu kama ramani inavyotaka tuamini. Idhaa yake ilifungwa mwaka 2005, BBC ilipoamua kuzima idhaa kadhaa za lugha za Ulaya ya Mashariki. Wakubwa waliamini kwamba nchi zile sasa zilikuwa na vyombo huru vya kwao na hazikuhitaji tena sauti ya jirani. Mambo yalikwenda vinginevyo.

Njaa ya kusoma

Tarehe 10 Novemba 1989 Zhivkov aliondolewa, na magazeti yakachipuka kama uyoga baada ya mvua. Rabotnichesko Delo lilibadili jina mwaka 1990 na kuitwa Duma, kama gazeti la Botev, likabaki upande wa wasoshalisti. Upinzani ulianzisha Demokratsia. Mwaka 1991 likaja 24 Chasa, yaani Saa 24, lililoandika kwa lugha ya mtaani, kwa vichwa vya habari vya kuchokoza, likavunja ile sauti ya risala ambayo watu walikuwa wameichoka. Trud, yaani Kazi, gazeti la zamani la vyama vya wafanyakazi, nalo lilivaa nguo mpya. Watu walisoma kwa pupa, kama waliofunguliwa mlango wa ghala baada ya ukame.

Lakini uhuru huo ulikuja bila mtaji. Uchumi uliyumba, na katika majira ya baridi ya mwaka 1996 kuingia 1997 mfumuko wa bei ulikula akiba za watu. Katika hali hiyo kampuni ya WAZ ya Ujerumani ilinunua magazeti mawili makubwa kuliko yote, 24 Chasa na Trud. Yalipata mitambo mizuri na mishahara ya uhakika, lakini soko likawa mkononi mwa mmoja. Demokratsia lilifungwa mwaka 2002. Baada ya msukosuko wa fedha wa mwaka 2008 matangazo yalipungua, wasomaji wakahamia kwenye intaneti, na mwaka 2010 Wajerumani wakauza na kuondoka. Televisheni nazo zilipita mikono ya wageni. bTV, ya kwanza binafsi kurusha nchi nzima, ilianza mwaka 2000 chini ya kampuni ya Rupert Murdoch, ikauzwa kwa kampuni ya CME mwaka 2010, na mwaka 2020 CME yenyewe ikanunuliwa na kampuni ya PPF ya Jamhuri ya Cheki. Televisheni ya Nova ilipitia Wagiriki, Waswidi, ndugu wawili matajiri wa Bulgaria, kisha ikaenda kwa kampuni ya United Group mwaka 2021.

Hapa wapo wanaosema tatizo ni wageni, na wapo wanaosema dawa ni wageni. Mwenendo wa miaka hiyo haumpi yeyote kati yao ushindi kamili. Mmiliki wa nje hana deni la kisiasa kwa mkuu wa wilaya, na hilo ni jema. Lakini naye hana kaburi la babu katika nchi ile. Faida ikikauka hufunga mizigo, na pengo analoliacha hujazwa na aliye karibu mwenye fedha na mwenye haja.

Benki, kibanda na ubao wa kufulia

Aliyekuwa karibu alikuwa na benki. Ili tuelewe, tufuate shilingi. Benki iitwayo KTB, ya tajiri Tsvetan Vasilev, ilikusanya sehemu kubwa ya amana za mashirika ya umma. Benki hiyohiyo ilitoa mikopo iliyotumika kununua magazeti na vituo. Kuanzia mwaka 2007 kikajengeka kikundi cha vyombo vilivyoandikishwa kwa jina la Irena Krasteva, aliyewahi kuongoza bahati nasibu ya taifa. Mwanawe, Delyan Peevski, alikuwa mbunge. Fedha za umma ziliingia benki, zikatoka kama mkopo, zikawa gazeti, na gazeti likawasifia waliowezesha fedha za umma kuingia benki. Gurudumu lilizunguka bila yeyote kuhitaji kuvunja mlango wa chumba cha habari.

Mkono wa pili ni matangazo. Bulgaria ina watu wasiofika milioni 7, na soko dogo la namna hiyo halilishi magazeti mengi. Serikali, kwa upande wake, ilikuwa na bajeti za kuutangazia umma miradi inayofadhiliwa na Umoja wa Ulaya. Nani apewe tangazo, nani anyimwe? Mkono mtupu haulambwi, na mhariri mwenye mishahara ya kulipa mwisho wa mwezi huhesabu mara mbili kabla hajaugusa mkono wenye kitu. Kwa njia hiyo fedha za Ulaya zilizokusudiwa kujenga uwazi zilisaidia kuufunga mdomo.

Mkono wa tatu ndio watu husahau: barabara. Gazeti la karatasi likiandikwa kwa ujasiri lakini likabaki kwenye ghala la msambazaji, au likawekwa chini ya rafu pasipoonekana, ni sawa na halikuandikwa. RSF ilieleza kwamba karibu asilimia 80 ya usambazaji wa magazeti nchini humo ilikuwa chini ya kikundi cha Peevski. Fikiria mchapishaji anayepaswa kumkosoa mtu ambaye magari yake ndiyo yanabeba toleo la kesho.

Matokeo yake yalipata jina mitaani. Wabulgaria huviita vyombo vya aina hiyo bukhalka. Bukhalka ni ubao mzito wenye mshikio, ambao zamani wanawake waliutumia kupigia nguo mtoni ili uchafu utoke. Neno limekuja kuwa na maana ya rungu. Chombo cha bukhalka hakitafuti habari. Hupewa jina la mtu, kikampiga leo, kesho na keshokutwa, hadi atoke madoa ambayo hakuwa nayo. Jaji anayetoa hukumu isiyopendwa, mwanaharakati anayeuliza kuhusu zabuni, mwandishi wa gazeti shindani, wote wameuonja ubao huo.

Tarehe 14 Juni 2013 pazia lilidondoka. Bunge, kwa haraka na bila mjadala wa maana, lilimpigia kura Peevski kuwa mkuu wa idara ya usalama wa taifa. Jioni ile maelfu ya watu walimiminika katikati ya Sofia. Uteuzi ulibatilishwa ndani ya siku chache, lakini watu hawakurudi nyumbani. Waliandamana kwa miezi mingi, na serikali ikajiuzulu Julai 2014. Wakati huo Vasilev na Peevski walikuwa wamegombana, wateja wakakimbilia kutoa fedha zao, na Juni 2014 KTB ikaanguka. Kuwalipa wenye amana kuligharimu zaidi ya leva bilioni 3.5. Wale ambao kwa miaka walisoma sifa za benki hiyo magazetini walisimama kwenye foleni kuuliza akiba yao iko wapi. Mwaka 2021 Marekani ilimwekea Peevski vikwazo kwa madai ya rushwa, na Uingereza ikafuata mwaka 2023. Yeye anayakana madai hayo, na ameendelea kuwa mtu mwenye nguvu katika siasa za nchi.

Kusoma namba kwa uangalifu

Katika orodha ya RSF Bulgaria ilikuwa nafasi ya 51 mwaka ilipoingia Umoja wa Ulaya, 2007. Ilishuka hadi 112 mwaka 2021. Kisha ikapanda: 91 mwaka 2022, 71 mwaka 2023, 59 mwaka 2024, ikarudi 70 mwaka 2025. Je, mambo yametengemaa?

Tusiharakishe. Mwaka 2022 RSF ilibadili namna ya kupima, kwa hiyo kulinganisha namba ya kabla na ya baada ni kama kupima kitambaa kimoja kwa dhiraa na kingine kwa mita. Tena nafasi ya nchi hupanda pia wengine wanapoporomoka. Kweli, baadhi ya mambo yamebadilika: umiliki wa vyombo umepanguliwa, na shinikizo la nje limewatia watu tahadhari. Lakini soko ni dogo vilevile, fedha ya matangazo ni chache vilevile, na mahakama bado ni mahali pa hofu.

Kuhusu mahakama, upo mfano unaojitosheleza. Rosen Bosev, mwandishi wa gazeti la Kapital, alishtakiwa kwa kumkashifu aliyekuwa mkuu wa tume inayosimamia masoko ya fedha. Rufaa yake iliangukia mikononi mwa jaji ambaye Bosev alikuwa amemwandika kwa ukosoaji. Aliomba jaji huyo ajitoe. Hakujitoa, na Bosev akatiwa hatiani. Ilibidi kesi ifike Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, ambayo mwaka 2024 iliamua kwamba haki yake ya kusikilizwa na mahakama isiyoegemea upande na haki yake ya kujieleza zilikiukwa. Alishinda, lakini baada ya miaka. Mwandishi kijana anayeitazama safari hiyo hahitaji kutishwa na mtu, hesabu inamtosha.

Kiti cha mwenzako

Pamoja na hayo yote, Bulgaria haijakosa waandishi. Kapital, gazeti la kila wiki lililoanza mwaka 1993, lilifuatilia benki wakati wengine wakiisifia. Tovuti ya uchunguzi ya Bivol imefukua fedha za Ulaya zinakopotelea. Septemba 2018 mwandishi wake Dimitar Stoyanov na mwenzake wa Romania, Attila Biro, waliambiwa kwamba nyaraka zinazohusu fedha hizo zilikuwa zinateketezwa karibu na mji wa Radomir. Walikwenda kuona, kama MacGahan alivyokwenda Batak. Walikuta karatasi zikiwaka shambani. Polisi walipofika, waliotiwa pingu walikuwa waandishi. Waliachiwa baada ya saa kadhaa, lakini picha ya moto ule ilikuwa imekwisha kusambaa. Naye Christo Grozev, Mbulgaria aliyekuwa katika kundi la uchunguzi la Bellingcat, aliwaonyesha walimwengu jinsi majasusi wa Urusi wanavyotambulika kwa data zinazopatikana na anayejua kuzitafuta.

Watu hawa wanatufundisha mpangilio wa mikono ile niliyoitaja mwanzo. Mtaji unaweza kununuliwa, matangazo yanaweza kunyimwa, barabara inaweza kufungwa, hukumu inaweza kuchelewa. Sheria nzuri inaweza kulegeza kila mmoja wa mikono hiyo: kulazimisha wamiliki wajulikane kwa majina yao halisi, kuweka wazi kila tangazo la serikali limekwenda wapi na kwa bei gani, kuzuia msambazaji asiwe mchapishaji, kuzitupa mapema kesi za kuwachosha waandishi. Msomaji naye ana sehemu yake. Kabla hajauliza gazeti limeandika nini, aulize nani analilipa, na lile analoliamini alinunue kwa fedha yake, kwa kuwa gazeti lililotelekezwa na wasomaji wake halikosi mposaji.

Lakini mkono wa mwisho hauandikiwi sheria. Turudi studio ya Horizont, usiku wa kuamkia ile Ijumaa. Kiti cha Silvia Velikova kilikuwa wazi, kipaza sauti kipo, na zamu inahitaji mtu. Kumweka mtu mwingine pale kulikuwa jambo rahisi kuliko yote duniani. Angesoma habari, wasikilizaji wangesikia sauti ngeni kidogo, wakanywa kahawa yao, na siku ingeisha bila yeyote kujua kwamba kuna mwandishi ameondolewa. Hivyo ndivyo inavyofanyika mahali pengi, kila siku, bila kelele.

Safari hii wenzake walisema hapana, mmoja baada ya mwingine. Kwa kukataa kukikalia kiti kile, walilifanya jambo lililokusudiwa kupita kimyakimya lisikike nchi nzima, na saa tano za kimya zikawaambia wasikilizaji kuliko ambavyo taarifa yoyote ya habari ingewaambia. Velikova alirudi hewani siku chache baadaye.